Tanga mara ya pili: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mgeni wa mara ya kwanza Tanga huzunguka palepale. Asubuhi Mapango ya Amboni, mchana picha kwenye mnara wa saa, jioni ufukwe wa Raskazone, kesho yake yuko stendi ya Kange anasubiri basi. Safari ya namna hiyo haina ubaya. Tatizo ni pale anaporudi mwaka unaofuata na ratiba ileile, kisha anawaambia wenzake kwamba Tanga ni ndogo na ameimaliza. Hajaimaliza. Alikuja siku zisizofaa na akafika kila mahali saa isiyo yake.

Hapa napima huduma atakazozihitaji mtu anayerudi: baiskeli ya kukodi, soko la samaki la Deep Sea, boti ya kwenda kisiwa cha Toten, makumbusho ya Urithi, na safari ya magofu ya Tongoni. Kipimo ni kimoja tu: je, anapata kitu ambacho safari ya kwanza hakukipata? Kwa karibu zote, jibu linategemea maji ya bahari. Kwa hiyo tuanze na maji, maana bila hayo mengine yote yanapotea.

Ghuba ya Tanga hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katikati yake, karibu na mwezi 7 au 8 na mwezi 22 au 23, yaani siku hizo za mwezi kwa kalenda ya Kiislamu, ni maji mafu, yaani tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Siku za bamvua pwani hii hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: kujaa karibu saa nne, kupwa karibu saa kumi. Hii ndiyo sababu watu wawili huenda Raskazone saa kumi na moja jioni, mmoja akaogelea maji ya kifuani, mwingine akakuta maji yamerudi nyuma na matope yamebaki, na kila mmoja akaja na hukumu yake kuhusu mahali palepale.

Bamvua la mwezi mpevu na la mwezi mwandamo kwa maji ni sawa. Kwa chakula si sawa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hazina kazi mbalamwezi ikiwaka. Siku hizo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika. Giza la mwandamo ndilo linalowatoa baharini. Basi anayetaka Tanga iliyo kamili aje kati ya mwezi 28 na mwezi 3 wa Kiislamu. Kalenda yoyote iliyotundikwa dukani mtaa wa Ngamiani inazo tarehe zote mbili, na ukimuuliza mzee yeyote mwezi ngapi leo atakujibu bila kutazama popote.

Sasa baiskeli. Tanga ni tambarare, na watu wake hawajawahi kuiacha baiskeli hata baada ya bodaboda na bajaji kujaa mjini. Kwa mtu anayerudi, hii ndiyo huduma ninayoiweka ya kwanza, kwa sababu bajaji hukupeleka mahali ulipokwisha kujua jina lake, na baiskeli hukupitisha mahali usipopajua. Zinakodishwa na mafundi na vijana wa mtaani, kwa saa au kwa siku nzima. Bei hupatanwa kabla ya kupanda, pamoja na swali ambalo wengi hulisahau: pancha ni ya nani? Mkubaliane hapohapo, mchukue na namba ya simu ya fundi.

Ikague kabla ya kutoa hela. Inua gurudumu la nyuma uzungushe pedeli. Cheni isiruke wala isigonge. Bonyeza cheni kwa kidole katikati: ikicheza juu na chini kwa zaidi ya sentimita 2, itatoka kwenye shimo la kwanza. Shika breki zote mbili, sukuma baiskeli mbele kwa nguvu, magurudumu yasizunguke. Nyingi ni zile nzito za zamani zenye breki za fito, na mpira wa breki ukilika chuma hugusa rimu. Siku kavu itasimama kwa shida, siku ya mvua haisimami kabisa. Mwisho, siti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini. Mguu uwe umenyooka. Baiskeli ya kukodi karibu kila mara siti yake imeshushwa mno kwa ajili ya mtu mfupi aliyetangulia, na hapo ndipo magoti yanapoanza kuuma baada ya saa moja, watu wakasema baiskeli inachosha. Fundi anaipandisha kwa spana moja, dakika mbili.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kutoka mnara wa saa karibu na Bustani ya Jamhuri, penye mandhari ya bandari. Fuata njia ya Bombo hadi Raskazone, kama kilomita 3. Ukifika geuza, na urudi mjini polepole, maana upande huo ndio wenye habari. Hapo Raskazone ndipo jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, liliposhuka Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Walikuwa kama 8,000, na upande wa Wajerumani chini ya kamanda Lettow-Vorbeck walikuwa kama 1,000. Walisonga kuelekea mjini kupitia mashamba na vichaka, Wajerumani wakawazuia wakitumia njia ya reli iliyochimbiwa chini kama handaki, na nyuki waliotibuliwa kwenye mizinga wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wameshapanda meli zao. Kwa gari njia hiyo ni dakika tano na huoni kitu. Kwa baiskeli unauhisi umbali, unaona jinsi mji ulivyokuwa karibu, na makaburi ya vita hivyo yanakuwa na maana. Watoto wa shule wapelekwe hivi, si kwa basi.

Ukivuka reli unaingia Ngamiani. Barabara zake zimenyooka na zina namba, kwa hiyo hata anayepotea hapotei: anauliza yuko barabara ya ngapi, anahesabu. Mgeni wa mara ya kwanza mara nyingi haingii huku zaidi ya Soko la Mgandini. Ingia kabla ya saa mbili asubuhi, wakati wauza mbaazi bado wana sufuria zilizojaa. Ikifika saa tatu na nusu umechelewa.

Mbaazi za nazi kwa mahamri ni chakula cha kupimia mpishi. Zilizopikwa vizuri ganda lake halihisiki ulimini, lakini punje bado ni nzima, haijawa uji. Hiyo hutokana na kuzichemsha hadi ziive kabisa kwanza, ndipo tui la pili liingie, na tui zito liwekwe mwisho, moto ukiwa mdogo na mwiko ukizunguka. Mpishi mwenye haraka hutia tui zito mapema, linachemka, linakatika. Utalijua kwa kutazama tu: mafuta yameelea juu na chini kuna maji yenye chembe nyeupe. Ukiona hivyo nenda kibanda cha pili. Hamri nalo lipasue kabla ya kung'ata: liwe na tundu ndani na harufu ya iliki. Likiwa limejaa mkate na mafuta, lilikaangwa kabla unga haujaumuka au mafuta hayajapata moto.

Mavazi: Ngamiani ni mtaa wa watu wazima na misikiti. Kaptura ya ufukweni iache Raskazone, wanawake wajitande, na mkubwa anapewa shikamoo kabla ya swali lolote. Ijumaa kuanzia saa sita na nusu barabara kadhaa hubanwa na watu wa sala, kwa hiyo baiskeli iwe imesharudi.

Deep Sea ndiko samaki wa mjini wanakoshushwa, na hukumu yangu ni kwamba ni mahali pazuri mno kwa anayejua kununua na mahali pa hasara kwa asiyejua. Fika kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, vyombo vikirudi. Samaki wakubwa hunadiwa, na wachuuzi wenye mitaji huchukua kwanza, lakini baada ya mnada kuna biashara ndogondogo. Tazama macho: yawe yametuna na maangavu, si yaliyozama na kufifia. Fungua matamvua, yawe mekundu, na harufu iwe ya bahari tu. Bonyeza mgongo kwa kidole, na shimo lirudi mara moja. Usinunue fungu lililopangwa ambalo huruhusiwi kugeuza, kwa sababu aliye chini mara nyingi ni wa jana. Samaki wa mchana waliomwagiwa maji ili wang'ae waache.

Kwa watu wawili, changu au kolekole wa kilo moja anatosha na kubaki. Kazi zake ni tatu na kila moja ina bei yake: samaki mwenyewe, kupaa magamba na kutoa matumbo, kisha kupika. Ugomvi karibu wote wa hapo unatokana na mteja kudhani bei aliyotajiwa ni ya yote matatu. Sema wazi, "Kupaa shilingi ngapi, kuchoma shilingi ngapi," kabla kisu hakijagusa. Akipikwa wa kupaka, mwambie mpishi achanje mara tatu kila upande, atie ndimu, chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, amchome hadi karibu aive, ndipo tui zito lipakwe kidogokidogo juu ya makaa. Hiyo ni kazi ya dakika 40 au zaidi. Anayekuambia dakika 15 anakaanga na kumwagia rojo juu, jambo ambalo ni tamu pia, ila si samaki wa kupaka.

Siku za bamvua, baada ya sokoni, saa nne maji yapo mbali. Huo ndio wakati wa kutembea mwambani na kwenye mchanga, ambapo wanawake huokota chaza na vijana huchokoa pweza. Vaa viatu vya mpira vinavyofunga mguu. Kandambili huvuliwa na matope, na miiba ya baharini huingia nyayoni na kukatikia humo. Penye maji ya kifundoni usinyanyue miguu, iburute, kwa sababu taa, yule samaki bapa, hujifukia mchangani na mwiba wake ni hatari. Akihisi mchanga unasogea anaondoka. Anza kurudi mara maji yanapogeuka. Usingoje yakufikie, kwani kwenye bamvua hujaa haraka na hujaza mikondo iliyo nyuma yako kwanza.

Halafu Toten. Kisiwa kiko ndani ya ghuba, mbele ya mji. Kila mgeni amekiona, na walio wengi hawajakikanyaga. Jina ni la Kijerumani, lina maana ya wafu. Watu waliishi huko hadi karne ya 19, kisha wakahamia bara, na wameacha magofu ya misikiti miwili na makaburi. Wajerumani nao walizika wafu wao huko. Kivuko cha ratiba hakuna. Unakodi boti kupitia kiongozi wa watalii au mvuvi, na ni bora kuanza na kiongozi anayezijua taratibu za kibali kuliko kukutana nazo ufukweni.

Kosa kubwa kwenye safari hii ni la saa, na linajirudia. Kisiwa kimezungukwa na mikoko na matope. Boti inayofika maji yakiwa yamejaa kabisa inakuwa na muda mfupi: abiria wakizunguka magofu saa mbili, wakirudi wanakuta boti imekaa juu ya tope na inabidi kusukuma kwa miguu, au kungoja maji mengine usiku. Fika mapema. Siku ya bamvua, maji yakijaa saa kumi jioni, ondoka mjini saa nane mchana, shuka kisiwani maji yakiwa bado yanapanda, na uwe umeshapanda boti ifikapo saa kumi na moja. Hivyo una saa mbili na nusu za kuzunguka, maji mengi chini ya boti, na unaingia bandarini kabla ya magharibi. Nahodha akikuambia saa yoyote ni sawa, tafuta mwingine.

Kabla ya kupanda hesabu jaketi za kuokolea. Ziwe sawa na idadi ya vichwa, pamoja na nahodha, na kamba zake zifunge. Kuwe na kopo la kukumbia maji, kasia au pondo iwapo injini itazima, na mafuta ya akiba. Chukua lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu, panga au fimbo ya kusukumia majani kwa ruhusa ya kiongozi, na suruali ndefu. Mbu wa mikoko hawachagui saa. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, upepo wa mchana huchafua bahari ya nje, lakini ndani ya ghuba kwa kawaida pana utulivu zaidi. Kwa jumla, baada ya baiskeli, hii ndiyo safari ninayoipa alama ya juu kwa mtu anayerudi. Ukisimama kisiwani unautazama mji ambao daima, ukikitazama kisiwa, uliupa mgongo.

Makumbusho ya Urithi, ndani ya Boma la zamani, yanafaa saa za jua kali, saa sita hadi saa nane. Picha za zamani za mji ndizo hazina yake. Nenda huko baada ya kuzunguka kwa baiskeli, si kabla, kwa kuwa ukishapita barabara zenyewe picha zinaanza kujibu maswali. Saa moja inatosha.

Amboni kwa mara ya pili? Kama hujaleta mtu mpya, hapana. Mapango ni ya ajabu, ya mawe ya chokaa ya zama za Jurasi, kilomita 8 tu kaskazini mwa mji, lakini njia anayokupitisha mwongozaji ni ileile. Kinachobadilika ni machweo, popo wanapotoka kwa makundi. Waulize waongozaji kama wanaweza kukusubiri hadi saa hiyo, na uwe na tochi yako yenye betri mpya. Tochi ya simu haitoshi na inamaliza chaji ya kuitia bajaji.

Hiyo nusu siku ipeleke Tongoni badala yake, kama kilomita 17 kwenye njia ya Pangani. Magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, mengi ya nguzo, ya karne ya 14 na 15. Nguzo karibu zote zimeanguka, na hapo ndipo pa kutazama kwa karibu: kwenye vipande utaona vishimo vya mviringo vilivyolingana. Ni mahali palipopachikwa bakuli na sahani za kauri zilizokuja na majahazi. Pitisha kidole pembeni bila kugusa ukingo. Chokaa ya matumbawe humeguka. Pwani hiihii, Januari 1499, Vasco da Gama akirudi kutoka India aliichoma meli yake São Rafael kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote tatu. Nenda saa tisa alasiri, jua likiwa la upande, na umpatane dereva wa bajaji kwenda, kusubiri na kurudi kwa bei moja. Ukimwachia aende, usafiri wa kurudi jioni ni wa bahati. Ukiendelea kusini kuelekea Kigombe unakutana na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki wa kale, iliyotangazwa 2009. Ukitaka kuingia kwa boti kuna ada, na samaki mwenyewe usimtegemee kumwona, huishi kina kirefu na huonekana tu akinaswa na majarife.

Shamba la mkonge nalo linahitaji ruhusa ya uongozi wa shamba siku mbili tatu kabla. Omba kuona mashine ya kusaga majani na uwanja wa kuanikia singa, yaani nyuzi za mkonge. Katika kila kilo 100 za majani hutoka singa kama kilo 4 tu, na ukiona lundo la majani na ukaona kilichobaki kambani, utaelewa kwa nini kikapu cha mkonge halisi hakiwezi kuwa bei ya plastiki. Mmea huu uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai.

Ramadhani ni suala la peke yake. Mchana sehemu nyingi za kula hufungwa, kwa hiyo asiyefunga ajipange mapema na asile hadharani. Baada ya magharibi Ngamiani huamka: uji wa pilipili manga, kaimati, tambi, mihogo ya nazi, pweza. Anayekuja mwezi huo ageuze ratiba yote, alale mchana, atembee usiku.

Na cha kurudi nacho. Samaki mbichi kwenye basi la Dar, karibu kilomita 350, ni kero kwa abiria wenzako hata akiwa na barafu, kwa sababu barafu huyeyuka kabla ya Chalinze na maji hutoka. Nunua nguru asubuhi, akatwe vipande vya unene wa kidole, atiwe chumvi na ndimu, akaangwe hadi akauke kabisa, apoe saa moja juu ya kichujio akiwa wazi. Akifungwa wa moto hutoa jasho na kuharibika. Mfunge kwa karatasi, ndani ya ndoo yenye mfuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Dagaa wakavu wao wavunje mmoja kabla ya kulipa: akikatika kwa sauti amekauka, akipinda atakuotea ukungu njiani. Kange kuko nje ya mji, basi ondoka Ngamiani saa moja kamili kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi.